Kura Yangu Ina Uzito Gani Kama Mipaka Imeshachorwa?

SWALI: Naishi Greensboro, North Carolina. Nilizaliwa Bukavu, nikakaa kambini Tanzania miaka mingi, na mwaka jana nilikula kiapo cha uraia wa Marekani. Nataka kujiandikisha kupiga kura. Jirani yangu, mzaliwa wa hapa, ananiambia nisijisumbue. Eti mistari ya uchaguzi imechorwa hivi kwamba mshindi anajulikana kabla hatujapanga foleni. Je, ni kweli? Kama ni kweli, huo si wizi wa kura? Na mahakama ziko wapi?

JIBU: Dada yangu, hongera kwa kiapo, na pole kwa kupokelewa na maneno ya kukatisha tamaa mapema hivi. Jirani yako hasemi uongo. Anazungumzia kura moja, ile ya mbunge wa Congress, yaani bunge la Marekani, na kwa kura hiyo, hapo Greensboro, ana sababu ya kuchoka. Ila siku ya uchaguzi hutapewa kura moja. Utapewa karatasi ndefu yenye kura nyingi, na baadhi yake hakuna mstari unaoweza kuzigusa. Hapo ndipo mimi na jirani yako tunapoachana. Nitafika huko, lakini kwanza tuipitie mistari yenyewe, maana madhara yake ni makubwa na sitaki kuyapunguza ili kukutia moyo.

Tuelewane kwenye neno moja. Kwa Kiswahili "jimbo" lina kazi mbili: North Carolina ni jimbo, na mbunge wa Tanzania naye ana jimbo lake. Tukiyachanganya hapa tutapotea. Basi North Carolina nitaiita jimbo, na eneo linalomchagua mtu mmoja kwenda bungeni nitaliita eneobunge, kama wasemavyo Kenya. Mchezo wa kuyachora maeneobunge kwa hila nitauita jerimanda, na jina hilo lina kisa chake.

Baraza la Wawakilishi la Marekani lina viti 435. Kila miaka 10, baada ya sensa, viti hivyo hugawiwa majimbo kufuatana na idadi ya watu, kisha kila jimbo lenye zaidi ya kiti kimoja hujichorea maeneobunge yake. Baada ya sensa ya 2020 wastani ulikuwa watu 761,000 hivi kwa eneobunge moja. Tangu 1964 Mahakama ya Juu ya Marekani imeagiza kwamba maeneobunge ya jimbo moja yawe na idadi sawa ya watu, na agizo hilo hufuatwa kwa ukali. Kwa hiyo idadi haina ubishi. Ubishi uko kwenye kuamua nani awekwe pamoja na nani, na katika majimbo mengi anayeamua ni bunge la jimbo, yaani wanasiasa wenyewe. North Carolina ni mojawapo, tena hapo gavana hana kura ya turufu juu ya ramani. Bunge likishapitisha, imepita.

Sasa hesabu yake. Chukua kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, wanachama 25. Wamejigawa katika vikundi vidogo vitano vya watu watano watano, na kila kikundi kidogo kinapeleka mjumbe mmoja kwenye kamati. Kuna mvutano: akina mama 15 wanataka mikutano iwe Jumamosi, 10 wanataka Jumapili baada ya ibada. Anayepanga vikundi ni katibu, na katibu ni wa Jumapili. Kikundi cha kwanza anakijaza watu watano wa Jumamosi. Cha pili anaweka wanne wa Jumamosi na mmoja wa Jumapili. Wamebaki sita wa Jumamosi na tisa wa Jumapili. Hao anawagawa katika vikundi vitatu, kila kimoja wawili wa Jumamosi na watatu wa Jumapili. Kamati inatoka na wajumbe watatu wa Jumapili na wawili wa Jumamosi. Watu 10 wamewashinda watu 15, na hakuna kura iliyohesabiwa vibaya.

Lakini subiri. Katibu angekuwa wa Jumamosi, angeweka watatu wa Jumamosi na wawili wa Jumapili katika kila kikundi, na wale 10 wasingepata mjumbe hata mmoja. Wanachama ni walewale, mawazo ni yaleyale, matokeo ni ya mwenye kalamu. Mbinu zenyewe ni hizo mbili. Kurundika ni kuwajaza wapinzani wako sehemu chache, washinde kwa kishindo huko na kura zao za ziada zikae bure. Kutawanya ni kuwamega vipande vipande, wawe wachache kila mahali. Kompyuta za leo hufanya kazi hiyo mtaa kwa mtaa kwa kutumia matokeo ya chaguzi zilizopita.

Mchezo wenyewe ni wa kale. Mwaka 1812 gavana wa Massachusetts, Elbridge Gerry, alitia saini sheria ya kugawa upya maeneo ya uchaguzi wa seneti ya jimbo. Eneo moja la Essex lilijipinda vibaya hata mchoraji wa gazeti akalitia mabawa na makucha, na watu wakaunganisha jina la gavana na la salamanda, mnyama anayefanana na mjusi, likazaliwa neno jerimanda. Gerry mwenyewe alishindwa ugavana mwaka huohuo, lakini chama chake kilibaki na wingi mkubwa wa viti vya seneti ya jimbo, ingawa wapinzani ndio walioongoza kwa kura. Gavana huchaguliwa na jimbo zima, maseneta wa jimbo huchaguliwa kwa maeneo. Tafadhali shika tofauti hiyo, tutaihitaji.

Umeuliza kama huu ni wizi wa kura. Mimi na wewe tunatoka kwenye nchi ambako neno hilo lina maana yake: masanduku yaliyojazwa usiku, fomu zilizobadilishwa, mtandao kuzimwa siku ya kuhesabu. Jerimanda haifanyi hayo. Kura yako hapo Greensboro itapokelewa, itahesabiwa, na itatangazwa kama ulivyoipiga. Kinachochukuliwa ni uzito wake, tena umechukuliwa miezi au miaka kabla hujafika kituoni, kwa sheria iliyopitishwa mchana kweupe. Kwangu mimi ubaya wake uko hapohapo. Aliyebadilisha fomu anajua ametenda kosa na anajificha. Huyu wa ramani hana haja ya kujificha.

Ushahidi uko hapohapo unapoishi. Mji wako umechorwa na kuchorwa upya kwa zaidi ya miaka 30, na sijui mji mwingine unaoonyesha jambo hili kwa uwazi hivyo.

Mwaka 1992 Greensboro iliwekwa ndani ya eneobunge la 12, lililotambaa maili 160 hivi kutoka Durham hadi Charlotte kwa kufuata barabara kuu ya I-85, na sehemu kubwa ya urefu wake halikuzidi upana wa ukanda wa barabara hiyo. Lilikuwa na sura mbaya, ndiyo, lakini lilichorwa ili Wamarekani Weusi wapate nafasi ya kumchagua mtu wao. Mwaka huo North Carolina ilipeleka Congress wabunge wawili Weusi, Mel Watt na Eva Clayton. Kabla yao, Mwafrika-Mmarekani wa mwisho kutoka jimbo hilo alikuwa George Henry White, aliyeondoka mwaka 1901. Miaka 91 bila hata mmoja! Kwa hiyo mtu akikuonyesha ramani iliyopinda na kukuambia "tazama hila hii," muulize kwanza ilipindishwa kwa faida ya nani. Sura peke yake haitoshi kuhukumu. Hata hivyo wapigakura Weupe walishtaki, na katika kesi ya Shaw dhidi ya Reno, 1993, Mahakama ya Juu ikasema eneobunge lililochorwa kwa kigezo cha rangi kupita kiasi linaweza kupingwa mahakamani.

Warepublikani walipochukua bunge la jimbo baada ya uchaguzi wa 2010, eneobunge hilohilo liligeuzwa ghala. Wapigakura Weusi walirundikwa humo kuliko ilivyohitajika ili wasiwe na uzito kwenye maeneobunge ya jirani. Mwaka 2012 Wademokrati wa North Carolina walipata zaidi kidogo ya nusu ya kura zote za Baraza la Wawakilishi. Viti walivyopata: 4 kati ya 13. Mahakama ikaitupa ramani hiyo kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, na bunge likaagizwa kuchora nyingine mwaka 2016.

Hapo likatokea jambo ambalo huwa nawasomea wanafunzi wangu mara mbili, maana mara ya kwanza hawaamini. David Lewis, mmoja wa wakuu wa kamati ya ramani, alisema hadharani kwamba anapendekeza ramani ya kuwapa Warepublikani viti 10 na Wademokrati 3, kwa sababu haoni kama inawezekana kuchora ya 11 kwa 2. Alikuwa na sababu ya kusema wazi. Kuchora kwa rangi ya ngozi kulikuwa kumeshakatazwa na mahakama, kuchora kwa chama hapana, basi alitaka iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba nia yake ni chama.

Ramani hiyo ya 2016 iliukata mji wako vipande viwili, eneobunge la 6 na la 13, na mstari ukapita katikati ya chuo kikuu cha North Carolina A&T. Ukiwa hapo Greensboro bila shaka umepita mbele yake. Ni chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya Wamarekani Weusi, na ndiko walikotoka wale vijana wanne walioketi kwenye kaunta ya Woolworth tarehe 1 Februari 1960, wakakataa kuondoka mpaka wahudumiwe. Miaka 56 baadaye wanafunzi wa chuo hicho waliweza kulala bweni la upande mmoja wakawa na mbunge huyu, wakahamia bweni la upande wa pili wakawa na mbunge mwingine, na popote walipolala walikuwa wachache. Matokeo ya jimbo zima yalikuwa yaleyale aliyoyataka Lewis, 10 kwa 3, hata mwaka 2018 ambapo vyama viwili vilikaribiana sana kwa kura.

Mahakama ziko wapi, umeuliza. Zilikuwapo. Kesi ya ramani hiyo ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani ikiwa imeunganishwa na ya Maryland, na hukumu ilitoka tarehe 27 Juni 2019: Rucho dhidi ya Common Cause, majaji 5 kwa 4. Jaji Mkuu John Roberts hakusema kwamba jerimanda ni nzuri. Alikiri kwamba matokeo yake yanaweza kuonekana si ya haki. Alichosema ni kwamba mahakama za shirikisho hazina kipimo cha kisheria cha kuamua hila ya kichama imezidi wapi, kwa hiyo zisiguse. Jaji Elena Kagan aliandika maoni ya kupinga na akayamaliza kwa kusema anapinga kwa heshima, lakini kwa huzuni kubwa. Mimi niko na Kagan. Mahakama za chini zilikuwa zimeshaonyesha kwamba inawezekana kupima: unaiagiza kompyuta ichore maelfu ya ramani zinazofuata sheria bila kuangalia chama, kisha unaiweka ya wanasiasa kando yake. Ikiwa iko mbali na zote, jibu unalo.

Lakini hukumu hiyo iliacha mlango mmoja wazi. Roberts mwenyewe aliandika kwamba majimbo yanaweza kujishughulikia kupitia katiba zao na mahakama zao, na hapo hadithi ya Greensboro inageuka tena. Mwaka huohuo wa 2019 mahakama ya jimbo iliizuia ramani ile, ikachorwa nyingine, Greensboro ikawekwa pamoja na Winston-Salem katika eneobunge la 6, na mwaka 2020 likamchagua Kathy Manning, Mdemokrati. Februari 2022 Mahakama ya Juu ya North Carolina, kwa majaji 4 dhidi ya 3, ikasema jerimanda ya kichama inavunja katiba ya jimbo. Uchaguzi wa 2022 ukafanyika kwa ramani iliyosimamiwa na mahakama, na jimbo ambalo watu wake wamegawanyika karibu nusu kwa nusu likatoa viti 7 kwa 7.

Uchaguzi huohuo ulibadilisha majaji wawili wa mahakama hiyo ya jimbo, maana huko majaji nao hupigiwa kura. Warepublikani wakawa 5 dhidi ya 2. Aprili 2023 mahakama ileile, kwa katiba ileile isiyobadilika hata nukta, ikafuta hukumu yake na kusema jambo hili haliko mikononi mwa majaji. Oktoba bunge likachora upya. Kaunti yenu ya Guilford ikakatwa vipande vitatu: eneobunge la 5, la 6 na la 9. Manning akatazama alichobakiwa nacho, akaamua kutogombea. Mwaka 2024, katika eneobunge la 6, chama chake hakikusimamisha mtu kabisa. Jimbo zima likatoa 10 kwa 4. Na Tim Moore, aliyekuwa spika wa bunge la jimbo ramani ilipopitishwa, aligombea katika eneobunge la 14 la ramani hiyo, akashinda.

Huo ndio uchovu wa jirani yako. Ameona mbunge wake akibadilika bila yeye kubadilisha chochote: hajahama, hajabadili chama, hajakosa uchaguzi. Na madhara hayaishii kwenye idadi ya viti. Mahali ambapo mshindi anajulikana, wagombea wazuri hawajitokezi, na hakuna anayekuja kugonga mlango kuomba kura. Mbunge naye hana sababu ya kuwasikiliza wale wasioweza kumwondoa. Anamwogopa tu mtu wa chama chake mwenye msimamo mkali zaidi, anayeweza kumshinda kwenye kura za mchujo.

Usidhani ni tabia ya chama kimoja. Nimetumia mifano ya Warepublikani kwa sababu ndio wenye kalamu jimboni kwako. Huko Maryland kalamu ilikuwa kwa Wademokrati. Mwaka 2011 walichora upya eneobunge la 6 ili kumng'oa Mrepublikani Roscoe Bartlett, aliyelishikilia miaka 20, na mwaka uliofuata aling'oka kweli. Illinois nayo ina wabunge 17, na kwa ramani ya Wademokrati 14 ni wao. Mwaka 2025 mambo yakavuka desturi ya kungoja sensa. Rais Donald Trump aliwahimiza Warepublikani wa Texas wachore upya katikati ya muongo ili waongeze viti vitano. Wabunge wa Kidemokrati wa jimbo hilo walikimbilia nje kuvunja akidi, wakarudi, ramani ikapita Agosti. California ikajibu kwa kura ya maoni ya Novemba iliyoweka kando ramani ya tume yake huru na kuleta ya kuwanufaisha Wademokrati. Missouri ilichora upya, na North Carolina yenu pia, Oktoba 2025, ikilenga viti 11 kwa 3, hesabu isiyofika mbali na ile ambayo Lewis alidhani haiwezekani. Kilichonipa faraja kidogo ni Indiana: Desemba 2025 seneti ya jimbo, iliyojaa Warepublikani, iliikataa ramani ya namna hiyo licha ya shinikizo la chama chao wenyewe.

Kuna mengine jirani yako anaweza kuyatia kwenye kapu la jerimanda na hayamo. Wademokrati wengi wanaishi mijini, wamejirundika wenyewe kwa kuchagua pa kuishi. Mfano wa upande wa pili ni Massachusetts kwa Gerry. Huko Warepublikani hupata karibu theluthi ya kura na hawana hata kiti kimoja kati ya 9. Wanahisabati walipojaribu kuwachorea eneobunge moja la ushindi kwa kutumia takwimu za baadhi ya chaguzi, walikuta haiwezekani, kwa sababu Warepublikani wamesambaa sawasawa jimbo zima. Hakuna hila hapo. Ni ubovu wa mfumo wa mshindi mmoja kwa kila eneo.

Na suala la rangi, ambalo kwako si la nadharia. Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965 imetumika mahakamani kupinga ramani zinazofifisha kura za Weusi. Juni 2023 Mahakama ya Juu iliisimamia katika kesi ya Alabama, jimbo ambalo zaidi ya robo ya watu wake ni Weusi lakini walikuwa na nafasi ya kuchagua mbunge katika eneobunge 1 tu kati ya 7. Ramani ikachorwa upya, na mwaka 2024 Shomari Figures akashinda la pili. Mwaka huohuo wa 2024, katika kesi ya South Carolina, mahakama hiyohiyo ilifanya iwe vigumu zaidi kuthibitisha kwamba wachoraji walitazama rangi. Kusini mwa Marekani idadi kubwa sana ya Weusi huwapigia Wademokrati, basi mchoraji anaweza kumega mtaa wa Weusi na kuapa kwamba alichokuwa anamega ni Wademokrati. Ukisema rangi, ni kosa. Ukisema chama, ni halali. Mtaa uliomegwa ni uleule.

Sasa tufike kwenye karatasi yako.

Kumbuka Gerry: maeneo yalichorwa, ugavana haukuchoreka. Kura za jimbo zima haziwezi kurundikwa wala kutawanywa, kwa sababu hazina mistari ndani yake. Seneta wa Marekani, gavana, mwanasheria mkuu na rais, kwa North Carolina wote huchaguliwa hivyo. Mwaka 2024 Trump alishinda jimbo lenu, na watu haohao, siku hiyohiyo, wakamchagua Josh Stein, Mdemokrati, kuwa gavana. Jeff Jackson, mbunge ambaye eneobunge lake lilichorwa upya kwa namna ya kumfungia mlango, aligombea uanasheria mkuu mbele ya jimbo zima, akashinda.

Na iko kura moja watu wengi huiruka kwa sababu iko chini ya karatasi na majina yake hawayajui: majaji wa Mahakama ya Juu ya North Carolina. Wako 7, kila mmoja huchaguliwa na jimbo zima kwa kipindi cha miaka 8. Umeona kazi yao. Ramani ya 7 kwa 7 ilitoka kwao, na ruhusa ya kuifuta ilitoka kwao. Mwaka 2020 Jaji Mkuu Cheri Beasley alishindwa na Paul Newby kwa kura 401. Kura zilizopigwa zilizidi milioni 5. Mwaka 2024 jaji Allison Riggs alishinda kwa kura 734, na mpinzani wake, Jefferson Griffin, akapambana kwa miezi kadhaa ili maelfu ya kura zifutwe, mpaka alipokubali matokeo Mei 2025. Hebu fikiria ukumbi wa harusi mmoja mkubwa. Watu wa ukumbi mmoja kama huo wangetosha kugeuza matokeo yote mawili.

Jirani yako amechoshwa na kura ambayo imekatwa, na ninamwelewa. Ila akikaa nyumbani kwa hasira ya ramani, anaiacha na ile ambayo haikukatwa, nayo ndiyo inayochagua watu wa kuamua kama ramani isimame. Sikwambii umchague nani. Nakwambia usiishie juu ya karatasi.

Nisikufiche jambo moja kuhusu njia nyingine. Huko Michigan kijana mmoja, Katie Fahey, aliandika kwenye Facebook mwaka 2016 akiuliza nani yuko tayari kupambana na jerimanda. Watu wa kujitolea wakakusanya saini zaidi ya 400,000, na mwaka 2018 wapigakura, asilimia 61, wakaunda tume huru ya wananchi. North Carolina haina njia hiyo. Katiba yake hairuhusu wananchi kupeleka pendekezo moja kwa moja kwenye kura, ni lazima lipitie bungeni, na bunge lenyewe limechorwa. Ndiyo maana kwenu uzito wote umeangukia mahakama.

Mambo ya vitendo, basi. Jiandikishe angalau siku 25 kabla ya uchaguzi. Ukichelewa, unaweza bado kujiandikisha na kupiga kura papo hapo wakati wa upigaji kura wa mapema, ukiwa na uthibitisho wa makazi. Siku ya mwisho ya uchaguzi yenyewe huwezi, kwa hiyo usingoje. Utaombwa kitambulisho chenye picha. Kama huna, ofisi ya uchaguzi ya kaunti hukitoa bure. Wenzako ambao bado wana kadi ya ukaazi tu waambie wasijiandikishe hata wakishawishiwa na mtu mwenye fomu mkononi. Ni kosa la jinai na linaweza kuwaharibia uraia wao.

Fomu itakuuliza chama. Unaweza kuandika kwamba huna, na kwa North Carolina asiye na chama anaruhusiwa kuchagua atapiga kura za mchujo za chama kipi, kimoja kwa kila uchaguzi. Hili lina faida kubwa kwako kuliko linavyoonekana. Katika eneobunge ambalo Novemba imeshaamuliwa na mstari, mbunge hupatikana kwenye mchujo, wakati wapigakura ni wachache na kila mmoja ana uzito. Wengi hawaendi.

Mwisho, ingia kwenye tovuti ya bodi ya uchaguzi ya jimbo, andika jina lako baada ya kusajiliwa, utaona nambari ya eneobunge lako na mfano wa karatasi utakayopewa. Ichapishe. Kaa nayo mezani na jirani yako, mwanzie chini kwenda juu. Novemba 2026, humo chini, atakuta kiti cha jaji Anita Earls, ambacho muda wake unamalizika na kinapigiwa kura jimbo zima.